Namba Iliyodhaniwa Tasa

Chukua ubao wa bao, ule wenye mashimo thelathini na mawili, kama unavyochezwa na wazee wa pwani yetu. Weka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika shimo la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, na uendelee vivyo hivyo, kila shimo likipata maradufu ya lile lililotangulia. Mwanzoni kazi itaonekana kuwa mchezo wa watoto. Lakini ukifika shimo la kumi na moja utahitaji kete 1,024, na shimo la thelathini na mbili peke yake litataka kete 2,147,483,648. Jumla ya kete zote ubaoni itakuwa 4,294,967,295, wala hakuna mkomwe wala mti mwingine utakaokupa kete hizo.

Sasa tuseme kwamba, kwa ukaidi tu, umeleta ubao wa pili ukaujaza kwa kanuni ile ile, kisha ukaleta wa tatu ukajaza mashimo yake matatu ya kwanza. Umekwisha kujaza mashimo sitini na saba. Jumla ya kete zako zote ni hii:

147,573,952,589,676,412,927.

Namba hii ina tarakimu ishirini na moja. Huhitaji kuipata kwa kujumlisha shimo kwa shimo, maana iko njia ya mkato. Kete moja na mbili ni tatu; ongeza nne, ni saba; ongeza nane, ni kumi na tano. Kila mara jumla hupungukiwa na moja tu kufikia kete ambazo shimo lifuatalo lingehitaji. Basi namba yetu ndiyo ile ipatikanayo kwa kuzidisha 2 kwa 2 mpaka mbili hizo zitimie sitini na saba, kisha kuondoa moja. Wanahesabu huiandika kwa ufupi hivi: 2^67 − 1. Namba ya 67 hapo huitwa kipeo.

Katika insha hii nataka kueleza habari za namba hiyo moja. Ni habari za kweli, nazo zina kitu ambacho vitabu vyetu vya hesabu aghalabu huvipita. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili watu wenye elimu kubwa waliisadiki namba hii kuwa na sifa ambayo haikuwa nayo, na sababu yao ya kusadiki ilikuwa moja tu: mtu mwenye heshima alisema hivyo.

Sifa yenyewe ni utasa. Namba kama 7 au 13, isiyogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Namba 12 si tasa, maana hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6. Hizo ndizo vigawanyo vyake. Waliochagua jina la utasa walifikiri labda juu ya mtu asiye na watoto. Kwangu mimi jina hilo lina kichekesho ndani yake, kwa kuwa hizo tasa ndizo mama wa namba nyingine zote. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja, kama si tasa yenyewe, basi imezaliwa kwa kuzidisha tasa: 12 ni 2 × 2 × 3, na 2047 ni 23 × 89.

Kwa nini watu walitaka kujua kama jumla ya kete za bao ni tasa au siyo? Sababu ni ya kale sana. Wayunani walizipenda namba ambazo vigawanyo vyake, ukiacha namba yenyewe, vikijumlishwa huirudisha namba ile ile. Sita ni mojawapo: vigawanyo vyake ni 1, 2 na 3, na jumla ni 6. Ishirini na nane ni nyingine: 1, 2, 4, 7 na 14 hufanya 28. Tuziite namba timilifu. Baada ya hizo huja 496 na 8128. Huko Alexandria, katika nchi ya Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, Euclid alionyesha mahali zinakotoka. Alisema: jumlisha 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa maradufu, jumla ikitokea kuwa tasa, izidishe kwa ile namba ya mwisho uliyoijumlisha, nawe utapata namba timilifu. Mathalani 1, 2 na 4 hufanya 7, nayo ni tasa. Saba mara nne ni 28. Katika lugha ya bao letu, kila mara jumla ya kete inapokuwa tasa, umepata njia ya kwenda kwenye namba timilifu mpya.

Kama miaka elfu moja na mia tatu baada ya Euclid, mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Cairo, alijaribu kuthibitisha kwamba namba timilifu zilizo shufwa, yaani zinazogawanyika kwa mbili, hazitoki mahali pengine popote ila hapo. Hakufaulu kuukamilisha uthibitisho huo. Ulikuja kukamilishwa na Mswisi Leonhard Euler katika karne ya kumi na nane.

Basi swali likawa: ni mashimo mangapi yakijazwa yatakayotoa jumla iliyo tasa? Mashimo mawili hutoa 3, matatu hutoa 7, matano 31, saba 127, na zote ni tasa. Si vigumu kuonyesha kwamba hesabu ya mashimo, yaani kipeo, ikiwa si tasa, hata jumla ya kete haitakuwa tasa. Mashimo manne hutoa 15, na sita hutoa 63. Wengi wa kale walidhani kinyume chake pia ni kweli, kwamba kila kipeo kilicho tasa hutoa jumla iliyo tasa. Mwaka 1536 Hudalricus Regius alionyesha kwamba sivyo: kipeo 11 ni tasa, lakini mashimo kumi na moja hutoa 2047, ambayo tumekwisha kuona ni 23 × 89. Kwa hiyo hapana njia ila kuzipima moja moja, na namba hizi hukua kwa kasi ya kutisha.

Hapo ndipo anapoingia Marin Mersenne. Alikuwa mtawa wa Kikatoliki, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1588 na kufa mwaka 1648. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi katika nyumba ya watawa mjini Paris. Zama zake hapakuwa na magazeti ya wanasayansi, wala mikutano yao ya kila mwaka. Mtu aliyegundua jambo alimwandikia barua rafiki yake, na huyo rafiki aghalabu alikuwa Mersenne. Yeye aliwaandikia Descartes, Fermat, Galileo na wengine wengi, akipeleka maswali ya huyu kwa yule na majibu ya yule kwa huyu. Yeye mwenyewe alichunguza sauti na nyuzi za vinanda, na kitabu chake cha mwaka 1636 juu ya muziki kina kanuni ambazo zingali zikifundishwa. Hakuwa mtu wa kubezwa.

Mwaka 1644 alichapisha kitabu kwa Kilatini, na katika dibaji yake akataja vipeo ambavyo, kwa kauli yake, hutoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Akasema tena kwamba mpaka kufikia 257 hakuna vingine. Lakini hakutoa uthibitisho. Na tazama ajabu hii: katika dibaji hiyo hiyo alikiri kwamba kuamua kama namba yenye tarakimu kumi na tano au ishirini ni tasa ama siyo ni kazi ambayo zama zote zisingetosha kuimaliza. Namba ya kipeo 67, kama tulivyoona, ina tarakimu ishirini na moja. Ya kipeo 257 ina tarakimu sabini na nane. Mtu anayesema kwamba kazi haiwezekani, kisha akatoa majibu yake, yafaa aulizwe ameyapata wapi. Waliomuuliza walikuwa wachache. Namba hizo zikaitwa kwa jina lake, namba za Mersenne, na zingali zikiitwa hivyo.

Msomaji asidhani kwamba watu wa zama zile walikuwa wazembe. Hebu fikiri kupima namba yenye tarakimu kumi tu. Ili kuhakikisha kwamba 2,147,483,647, ambayo ni namba ya kipeo 31, ni tasa, ingekupasa ujaribu kuigawanya kwa kila namba tasa mpaka kufikia elfu arobaini na sita na zaidi kidogo. Ni kazi ya miezi. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hesabu kwa starehe yake, alikuwa amepata mwaka 1640 kanuni iliyopunguza mzigo huo: kigawanyo chochote cha namba ya Mersenne hakina budi kuwa zidisho la mara mbili ya kipeo, na moja juu yake. Kwa kipeo 11, mara mbili ni 22. Na kweli 23 ni 22 na moja, na 89 ni 22 mara nne na moja. Kwa kanuni hiyo na nyingine aliyoiongeza mwenyewe, Euler alithibitisha mwaka 1772 kwamba namba ya kipeo 31 ni tasa, kama Mersenne alivyosema. Wakati huo Euler alikuwa St Petersburg, katika nchi ya Urusi, naye alikuwa karibu kipofu kabisa. Ushindi huo ulimwongezea Mersenne heshima. Kama alisema kweli juu ya 31, kwa nini asiwe amesema kweli juu ya 67?

Jibu lilikaa miaka mia moja na nne zaidi. Aliyelileta alikuwa mwalimu wa shule, jambo ambalo sisi wenye kazi hiyo tunapenda kulitaja. Édouard Lucas, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, alikuwa ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870, kisha akafundisha hesabu katika shule za sekondari za Paris. Yeye ndiye aliyebuni mwaka 1883 mchezo wa visahani unaojulikana kama Mnara wa Hanoi, ambao huenda umeuona. Mwaka 1876 Lucas alitangaza kwamba namba ya kipeo 67 si tasa. Mersenne alikosea.

Alijuaje? Alipata njia ya kuipima namba bila kuigawanya kwa vigawanyo. Mmarekani D. H. Lehmer aliisafisha njia hiyo mwaka 1930, na katika sura hiyo mpya hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifuata. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, uondoe 2: utapata 14. Fanya hivyo tena: 14 mara 14 ni 196, toa 2, ni 194. Kila mara namba inapoipita ile unayoipima, igawanye kwa hiyo unayoipima na ubakize baki tu. Tuseme twaipima 31. Ukigawanya 194 kwa 31, baki ni 8. Sasa 8 mara 8 ni 64, toa 2, ni 62. Gawanya kwa 31, baki ni sifuri. Kipeo cha 31 ni 5, na sheria ni kwamba hatua hiyo irudiwe mara mbili pungufu ya kipeo, yaani hapa mara tatu. Ikiwa mwisho ni sifuri, namba ni tasa. Ikiwa si sifuri, si tasa. Ukiipima 2047 kwa njia hiyo, hatua ya tisa itakuachia 1736, nawe utajua mara moja kwamba 2047 inagawanyika.

Lakini angalia vizuri kile ulichokijua. Umejua kwamba inagawanyika, wala hukujua inagawanyika kwa nini. Hiyo 1736 haikuambii habari ya 23 wala ya 89. Ni kama sanduku lililofungwa kwa kufuli: ukilitikisa wasikia vitu vinagongana ndani, kwa hiyo wajua kwamba kitu kilichomo si kimoja, lakini hujui kama ni vikombe au ni mawe. Hivyo ndivyo Lucas alivyotuacha mwaka 1876. Namba ya tarakimu ishirini na moja ilikuwa na angalau vigawanyo viwili, hapana shaka, wala hakuna mtu duniani aliyeweza kuvitaja. Naona hali hii ni ya ajabu kuliko hata kosa la Mersenne. Tumezoea kudhani kwamba kujua kuwa kitu kipo na kukiona ni jambo moja, au karibu moja.

Miaka ishirini na saba ikapita. Frank Nelson Cole alikuwa Mmarekani wa jimbo la Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1861. Alisoma Harvard, na pia Leipzig katika nchi ya Ujerumani, kwa mwanahesabu mashuhuri Felix Klein, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Tangu mwaka 1896 alikuwa katibu wa Chama cha Wanahesabu cha Marekani. Kazi ya ukatibu ni kuandika barua, kupanga mikutano na kusahihisha makala za wengine. Ni kazi ya kumchosha mtu na isiyomletea sifa. Hata hivyo Cole alipata nafasi ya kulifungua sanduku la Lucas.

Yafaa tuipime kazi hiyo kidogo. Kwa kanuni ya Fermat, kila kigawanyo cha namba yetu lazima kiwe zidisho la 134, na moja juu yake: 135, 269, 403, na kuendelea. Kigawanyo kilicho kidogo kati ya viwili chaweza kuwa popote mpaka kufikia bilioni kumi na mbili na zaidi, na humo mna namba za namna hiyo zaidi ya milioni tisini. Sisi leo twajua kwamba kigawanyo kidogo ni cha 1,445,580 katika mstari huo, lakini Cole hakuwa na mtu wa kumnong'oneza. Kanuni ya pili, ile ya Euler, huondoa karibu nusu ya namba hizo. Tuseme basi mtu ana mia saba na ishirini elfu za kujaribu, na kila jaribio lamchukua dakika tano za kugawanya kwa kalamu. Akifanya kazi usiku na mchana bila kula wala kulala, itampita karibu miaka saba. Na mtu huyo ni yule mwenye bahati, anayejua mahali pa kukomea.

Cole hakwenda kwa njia hiyo. Alitafuta namba za mraba ambazo, zikigawanywa kwa namba yetu, huacha baki dogo lenye vigawanyo vilivyo wazi, na kutokana na mabaki hayo akapata masharti mapya ambayo kila kigawanyo hakina budi kuyatimiza. Kila sharti lilitupa nje namba nyingi, kama ungo unavyotupa makapi. Ungo juu ya ungo, zikabaki chache. Mwishowe akavipata vigawanyo viwili, na tarehe 31 Oktoba 1903 akapeleka habari yake mbele ya mkutano wa Chama mjini New York. Makala yenyewe ilichapishwa katika jarida la Chama mwezi Desemba mwaka huo, nayo ni ya kurasa nne tu.

Juu ya mkutano huo kuna kisa ambacho husimuliwa kila mahali. Wasema kwamba Cole, aliyekuwa mtu wa maneno machache sana, alikwenda ubaoni bila kufungua kinywa. Akachukua chaki, akazidisha mbili kwa mbili mpaka kipeo 67, akaondoa moja. Kisha, bado kimya, akahamia mahali palipo wazi ubaoni akaandika namba mbili, akazizidisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Majibu mawili yakawa sawasawa. Akarudi akaketi, asiseme neno, na wasikilizaji wakapiga makofi. Hapakuwa na mtu wa kuuliza swali. Baadaye, alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, akajibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu.

Ni kisa kitamu, nami natamani kiwe kweli tupu. Lakini anayesoma historia yampasa aulize aliyekisimulia ni nani. Ni Eric Temple Bell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1951, miaka arobaini na minane baada ya mkutano, na miaka ishirini na mitano baada ya Cole kufariki. Mwaka 1903 Bell alikuwa mwanafunzi huko Stanford, California, upande wa pili wa bara la Amerika. Isitoshe, Bell alijulikana kuwa msimulizi asiyependa kukiacha kisa bila chumvi. Neno la Jumapili asema alilisikia kwa Cole mwenyewe mwaka 1911, na huenda ni kweli. Ule ukimya wa ubaoni sina la kuuthibitisha wala la kuukanusha. Nisingependa tumsadiki Bell kwa sababu ile ile iliyowafanya watu wamsadiki Mersenne.

Vigawanyo vyenyewe ni jambo jingine, kwani havihitaji shahidi. Ni hivi:

193,707,721 na 761,838,257,287.

Chukua karatasi pana, uzidishe. Utastaajabu jinsi kazi ilivyo fupi. Namba ya kwanza ina tarakimu tisa, lakini mojawapo ni sifuri, kwa hiyo una mistari minane tu ya kuandika. Na kati ya hiyo, mitatu ni ya kuzidisha kwa 7, ambayo ni mstari ule ule, na miwili ni ya kuzidisha kwa 1, ambayo si kuzidisha hasa. Wabakiwa na 2, 3 na 9. Mwanafunzi makini atamaliza katika robo saa. Kama waogopa kukosea, fanya kwanza jaribio la wazee la kujumlisha tarakimu. Tarakimu za namba ndogo zikijumlishwa hufanya 37, kisha 10, kisha 1. Za namba kubwa hufanya 64, kisha 10, kisha 1. Moja mara moja ni moja. Na tarakimu ishirini na moja za jibu zikijumlishwa hufanya 109, kisha 10, kisha 1. Jaribio hili peke yake halithibitishi, maana majibu mengi yenye makosa yangelipita. Lakini ukilishindwa, ujue umekosea mahali.

Angalia tofauti ya kazi hizi mbili. Kuvitafuta vigawanyo kulimchukua mtu hodari miaka. Kuvihakiki kwachukua robo saa, na aliye mdogo kabisa darasani aweza kumhakiki profesa. Ni mambo machache sana ya elimu yaliyo na usawa wa namna hiyo kati ya mkubwa na mdogo. Tofauti hiyo hiyo baadaye ilipata matumizi ambayo Cole hakuyaota. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, watu watatu wa chuo cha MIT huko Marekani, walibuni njia ya kuficha siri kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa. Kuzizidisha ni rahisi. Kuzitenganisha tena ni karibu muhali, kama namba hiyo ina tarakimu mia kadhaa.

Orodha ya Mersenne ilisahihishwa pole pole, kwa mikono ya watu wengi. Kipeo 61, ambacho hakukitaja, kilionyeshwa kuwa kizuri na kasisi wa Urusi, Ivan Pervushin, mwaka 1883. Wako waliofikiri kwamba Mersenne alikusudia 61, na kwamba 67 ni kosa la mpiga chapa. Dhana hiyo ingemwokoa mahali pamoja tu, maana alikosa pia vipeo 89 na 107, na kile cha 257 alichokitaja si kizuri. Juu ya 127 alikuwa sahihi. Lucas alilithibitisha hilo mwaka ule ule wa 1876. Cole aliendelea na ukatibu mpaka mwaka 1920. Alipostaafu alitunzwa fedha, naye akazirudisha kwa Chama, zikawa msingi wa tuzo inayoitwa kwa jina lake. Akafa mwaka 1926.

Leo kompyuta huigawanya namba ya kipeo 67 kabla hujainua kidole. Namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kufikia mwaka 2024 ni namba ya Mersenne pia, ya kipeo 136,279,841. Ina tarakimu zaidi ya milioni arobaini na moja, nayo ilipatikana mwezi Oktoba mwaka huo kwa mashine za watu wa nchi nyingi waliojiunga kutafuta pamoja. Walakini sanduku la Lucas bado lina ndugu zake. Mojawapo ni namba ya kipeo 1277, yenye tarakimu 385. Tangu mwaka 1952, Raphael Robinson alipoipima kwa mojawapo ya kompyuta za kwanza huko California, imejulikana kwamba si tasa. Kufikia mwaka 2024 hakuna aliyekuwa amepata hata kigawanyo chake kimoja. Kwa kanuni ya Fermat twajua tu kwamba kila kimoja, kikiondolewa moja, hugawanyika kwa 2554.